Majina Yasipotee

Mhadhara kwa wajumbe wa Tume ya Haki na Amani, Mamboya



Wazee wetu, akina mama, vijana, nanyi ndugu zetu Waislamu mlioitikia mwaliko wa Tume: wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anaijua maana yake, na katibu wa chama cha ushirika anaijua zaidi. Leo nawaomba tuisogeze methali hii hatua moja mbele. Watu nao, bila daftari, hupotea bila habari.

Nimeombwa niseme juu ya nyaraka, filamu na vitu vinavyotunza kumbukumbu ya maangamizi ya Wayahudi. Nilipolitaja jambo hili, mzee mmoja aliniuliza, “Sisi wa Mamboya, mambo ya Wazungu kuuana yanatuhusu nini?” Ni swali la haki. Nitalijibu kwa habari za mwana wa Dar es Salaam aliyefia katika kambi ya Wanazi, na kwa habari za karatasi moja iliyotiwa alama hapa hapa wilayani Kilosa. Lakini kwanza hatuna budi kuyaeleza yaliyotendeka.

1. Yaliyotendeka na ushahidi wake

Chama cha Wanazi kilishika utawala wa Ujerumani mwaka 1933. Kikawavua Wayahudi uraia, kazi, mali na heshima. Kisha, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, hasa kati ya mwaka 1941 na 1945, kikawaua Wayahudi wapatao milioni 6, wazee kwa watoto, kwa risasi, kwa njaa na kwa hewa ya sumu. Waliuawa pia Waroma, walemavu, wafungwa wa vita na watu wengi wengineo. Neno Shoah, la Kiebrania, maana yake ni maangamizi.

Uovu wa namna hii hautendwi na mtu mmoja kwa hasira ya siku moja. Hutendwa na ofisi. Ulihitaji orodha, mihuri, ratiba za treni na makarani waliokwenda kazini asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Kwa hiyo wauaji wenyewe waliacha makaratasi mengi. Viongozi wao waliposhtakiwa huko Nuremberg, waendesha mashtaka walitegemea sana maandishi ya washtakiwa wenyewe. Tarehe 29 Novemba 1945 mahakama ilionyeshwa filamu iliyopigwa na majeshi ya ushindi yalipofika kambini. Chumba kizima kilinyamaza. Mshtakiwa mmoja aliipa filamu kisogo, akakataa kuitazama.

Vitu navyo vilibaki. Huko Auschwitz, nchini Poland, pamehifadhiwa marundo ya viatu na masanduku ya safari. Juu ya masanduku mengi yameandikwa majina ya wenyewe kwa mkono, kwa sababu waliambiwa wayaandike ili mizigo yao isipotee. Mizigo haikupotea. Waliopotea ni wenye mizigo.

2. Mikebe ya maziwa

Basi, je, wanaoteswa wangoje daftari la mtesi wao? Wayahudi wa Warszawa walikataa. Walikuwa wamefungiwa katika mtaa uliozungushiwa ukuta, wakifa kwa njaa na maradhi. Humo mwanahistoria Emanuel Ringelblum aliwakusanya kwa siri walimu, waandishi na watu wa kawaida. Kazi yao ilikuwa kuandika kila kitu: bei ya mkate, barua za kuaga, insha za watoto wa shule, habari za waliochukuliwa. Hawakuandika sifa tu. Waliandika pia aibu za watu wao wenyewe, kwani ushahidi unaoficha nusu hauaminiki hata katika nusu unayoitoa.

Walipoona kwamba mwisho unakaribia, walizifukia karatasi ardhini: fungu la kwanza katika masanduku ya bati mwaka 1942, na fungu la pili katika mikebe mikubwa ya maziwa mwaka 1943. Ringelblum aliuawa mwaka 1944. Wachache waliosalimika walirudi katika vifusi wakachimba. Fungu la kwanza lilipatikana Septemba 1946, na la pili Desemba 1950. Mwaka 1999 UNESCO iliziingiza nyaraka hizo katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia.

Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Yeremia. Mji wake ulipokuwa umezingirwa na adui, alinunua shamba, akaagiza hati za ununuzi zitiwe katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi (Yer 32). Mtu anayehifadhi hati mji unapoteketea anakiri kwamba Mungu bado ana kesho, na kwamba katika kesho hiyo haki itaulizwa.

3. Mwana wa Dar es Salaam

Sasa nirudi kwa swali la mzee wetu. Mwaka 1904 alizaliwa Dar es Salaam mtoto aliyeitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudani katika jeshi la Wajerumani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, mtoto huyo mwenye umri wa miaka kumi aliingizwa jeshini pamoja na baba yake. Baba alifia vitani. Mtoto alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Baadaye alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Wakubwa wakamjibu kwamba amechelewa.

Alibaki huko, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alihudumu mezani katika jumba la starehe, alisaidia kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, aliigiza katika filamu, akaoa mke Mzungu. Wanazi walipotawala, mambo yalimgeukia. Aliomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Mwaka 1941 polisi wa siri walimkamata kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo Wanazi waliliita kuchafua damu ya taifa. Bila ya kusomewa shtaka mbele ya hakimu, alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40.

Ndugu zangu, nisieleweke vibaya. Husen hakuwa Myahudi, wala Wanazi hawakupanga kumwua kila mtu mweusi kama walivyopanga kumwua kila Myahudi. Lakini mashine iliyomsaga ni ile ile, na mafuta yake yalikuwa yale yale: mafundisho kwamba damu ya mtu fulani ni uchafu.

Je, tumemjuaje? Kwa daftari. Barua zake za madai zilibaki katika majalada ya serikali iliyomkatalia. Sura yake ilibaki katika filamu, mara nyingi akiwa nyuma kabisa, amebeba sinia au mzigo. Mwaka 2007 mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst alitoa kitabu cha maisha yake. Mwaka huo huo jiwe dogo lenye bamba la shaba na jina lake liliwekwa kando ya njia mbele ya nyumba alimoishi Berlin. Mwaka 2013 Eva Knopf alitengeneza filamu iliyorudi katika zile filamu za zamani, ikamtafuta yule mtumishi aliyesimama nyuma na kumleta mbele. Mtu aliyedai mshahara akaambiwa amechelewa, leo anaulizwa habari zake na wageni. Haki hii ni ndogo mno, tena imekuja amekwisha kufa. Lakini jina lake halikupotea.

4. Karatasi ya Msowero

Filamu moja aliyoigiza Husen inatugusa sisi moja kwa moja. Inaitwa “Carl Peters”, nayo ilionyeshwa mwaka 1941, mwaka ule ule aliokamatwa. Husen aliigiza kama kiongozi wa njia, mtumishi mwaminifu wa Peters.

Carl Peters ni nani kwetu? Wazee wanamjua. Alipita katika nchi hii ya Usagara mwishoni mwa mwaka 1884 akikusanya alama za machifu juu ya karatasi. Tarehe 29 Novemba 1884, Msowero, ambako leo mtu hupita akitoka Dumila kwenda Kilosa, alimfanya Chifu Mangungo atie alama katika kile kilichoitwa mkataba wa urafiki wa milele. Mkataba uliandikwa kwa Kijerumani. Ndani yake ilisemwa kwamba chifu ameitoa nchi yake yote kwa chama cha Peters. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa barua ya ulinzi juu ya nchi hizo, na karatasi ikawa utawala.

Peters mwenyewe alifukuzwa kazi mwaka 1897 na mahakama ya nidhamu ya Kijerumani, kwa ajili ya ukatili alioufanya Kilimanjaro, alikowanyonga mtumishi wake na msichana wa Kiafrika. Ushahidi ulikuwapo, tena katika lugha yake mwenyewe. Lakini mwaka 1937 Hitler alimrudishia heshima, na filamu ya mwaka 1941 ikamfanya shujaa asiye na doa. Adui wa shujaa katika filamu hiyo ni nani? Ni ofisa Myahudi. Tazameni, basi, jinsi chuki mbili zilivyoshonwa kwa uzi mmoja: dharau kwa Mwafrika na chuki kwa Myahudi. Na aliyelipwa kuupamba uongo huo alikuwa mwana wa Dar es Salaam, ambaye kabla ya mwaka kwisha alikuwa kifungoni.

Twajifunza nini? Kwanza, si kila waraka ni shahidi mwaminifu. Yezebeli naye aliandika barua, akazipiga muhuri wa mfalme, na kwa barua hizo Nabothi akapoteza shamba na uhai wake (1 Fal 21). Kwa hiyo kila hati tuiulize: Nani ameiandika? Kwa lugha ya nani? Nani alinufaika? Nani hakuulizwa?

Pili, tuache kumcheka Mangungo. Siku hizi mtu akisaini mkataba mbaya huitwa Mangungo, nasi twaangua kicheko. Lakini dhambi ya udanganyifu ni ya mdanganyaji. Aliyedanganywa katika lugha asiyoijua hastahili kuhukumiwa mara mbili.

5. Daftari linaloua

Hapana budi niseme na neno la uchungu kuhusu Kanisa. Utawala wa Wanazi ulipotaka kila mtu athibitishe kwamba mababu zake hawakuwa Wayahudi, uthibitisho ulitafutwa wapi? Mara nyingi katika vitabu vya ubatizo. Vitabu vilivyoandikwa ili kuwapokea watoto wa Mungu vilitumika kuwatenga watoto wa Mungu. Wako Wakristo waliowaficha Wayahudi kwa hatari ya maisha yao, na tunawaheshimu. Lakini wengi walinyamaza. Tarehe 16 Machi 1998 Vatikano ilitoa waraka juu ya Shoah uliokiri kwamba wako wana wa Kanisa walioshindwa kutimiza wajibu wao. Miaka miwili baadaye Papa Yohane Paulo II alisimama Yad Vashem, mjini Yerusalemu, akawaombolezea waliouawa. Jina la mahali hapo limetoka kwa nabii Isaya, ambako Mungu anaahidi kuwapa wasio na kizazi ukumbusho na jina ndani ya nyumba yake (Isa 56:5).

Jirani zetu wa Rwanda walionja jambo lilo hilo. Kitambulisho kilichoandikwa kabila la mtu kiligeuka hukumu ya kifo katika vizuizi vya barabarani mwaka 1994. Redio ilitumika kuwaita watu mende. Lakini kanda za redio hiyo zilihifadhiwa, nazo zikachezwa Arusha, hapa Tanzania, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ikawa mahakama ya kwanza ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 iliwahukumu pia watu wa redio na gazeti. Ilipofunga kazi mwishoni mwa mwaka 2015, nyaraka zake, kanda na vielelezo, vilibaki Arusha chini ya chombo kingine cha Umoja wa Mataifa. Basi tusiseme tena kwamba mambo haya ni ya Wazungu.

6. Kilosa yetu

Ndugu wapendwa, naja nyumbani. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, katika wilaya yetu hii, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Walikuwamo wanawake na watoto. Silinganishi msiba huu na Shoah. Hesabu na nia ni tofauti, na kulinganisha ovyo ni kuwakosea wafu wa pande zote. Lakini nauliza: majina yao yameandikwa wapi? Kijana wa miaka 20 wa hapa Mamboya aweza kutaja hata matatu?

Mahali majina yanapokosekana, huingia neno “wale”. Wale walituua. Wale walituibia. Wale si wenyeji. Mkulima humwambia mwanawe habari za mazishi ya kwake tu. Mfugaji humwambia wake habari za ng'ombe waliokatwa mapanga na ndugu waliopigwa. Kila nyumba hukaa na nusu ya kweli, nayo nusu hiyo hunolewa kila mwaka kama panga, ikingoja ukame mwingine au mpaka mwingine uliosogezwa usiku. Kaini naye alimjibu Mungu kwa ufupi, kwamba hajui ndugu yake aliko (Mwa 4). Yeyote asiyetaka daftari liandikwe, yamkini anangoja kutoa jibu hilo hilo.

Na kumbukumbu zetu nyingine ziko wapi? Miaka ya 1880 wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa na kituo hapa Mamboya. Barua walizoziandika leo zimehifadhiwa Birmingham, Uingereza. Majalada ya utawala wa Kijerumani yako katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nayo mwaka 1997 yaliingizwa katika rejista ile ile ya UNESCO zilimo karatasi za Ringelblum. Kwa hiyo waliyoyasema wageni juu ya babu zetu yamewekwa penye usalama. Waliyoyasema babu zetu wenyewe, kwa Kikaguru, yamo vifuani mwa wazee walioketi hapa mbele yangu, na kila tukizika mzee tunazika sanduku lisilofunguliwa.

7. Tufanye nini

Sisemi tujenge jumba la makumbusho. Nasema mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila jumuiya iwe na daftari la kumbukumbu. Iandike waliouawa au kujeruhiwa katika magomvi ya ardhi: jina, umri, kijiji, tarehe, na nani ameshuhudia. Iandike ya pande zote mbili, hata yale yanayotuaibisha. Lakini tahadhari: ushahidi wa mtu aliye hai haubandikwi ukutani. Daftari ni kwa ajili ya haki, si kwa ajili ya kisasi. Na kabila la mtu lisiandikwe pale ambapo halina kazi.

Pili, tuige hekima ya Yeremia. Hati moja iliyo mahali pamoja ni chakula cha mchwa, au cha moto, au cha mwenye hila. Tufanye nakala, moja ikae parokiani, nyingine kwa serikali ya kijiji, nyingine kwa mwenyewe.

Tatu, asitie mtu dole gumba juu ya karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti mbele ya mashahidi, kwa lugha anayoielewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mke na mume waijue, na majina ya wote wawili yaandikwe. Hilo ndilo kaburi la heshima tuwezalo kumjengea Mangungo.

Nne, vijana wakaketi na wazee, wa wakulima na wa wafugaji pia, wakaandike wanachoambiwa kama kilivyosemwa.

Bwana wetu alisema kwamba Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina (Yoh 10:3). Yeye hahitaji daftari letu ili awakumbuke waliouawa. Sisi ndio tunaolihitaji, tusije tukaulizwa habari za ndugu yetu tukajibu kwamba hatujui.

Mungu aibariki Mamboya na aijalie Kilosa amani yake.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Someni 1 Wafalme 21. Ni barua au hati zipi katika kijiji chetu zinazofanana na barua za Yezebeli?

2. Je, twaweza kutaja majina ya waliokufa katika magomvi ya ardhi kwa upande wetu? Na kwa upande wa pili?

3. Ni maneno gani tunayoyatumia nyumbani juu ya wakulima au wafugaji ambayo tusingependa watoto wetu wayarithi?

4. Vitabu vya parokia na kumbukumbu za kijiji vinatunzwa wapi, na nani anawajibika kuvikinga na mchwa, mvua na watu wenye hila?